Rufaa ya Rubani Aliyekuja na Kaka Yake

Kwa Mkuu wa Ajira za Marubani,
Makao Makuu ya Shirika, ghorofa ya nne, mlango wenye zulia.

Kuhusu: Rufaa dhidi ya kukataliwa kwa binti yangu, na ombi la kuajiri watoto wangu wawili kwa nafasi moja

Mheshimiwa Mkuu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, tena umeketi, maana si fupi. Mimi ni mama wa yule rubani mliyemkataa siku kumi na mbili zilizopita. Kwa kazi ni muuza vitabu vilivyokwisha kusomwa na wengine. Kwa tabia ni mwandishi wa barua magazetini, na wahariri watatu wanaujua mwandiko wangu kiasi kwamba mmoja wao hurudisha bahasha bila kuifungua. Sikutaja hayo kwa kujigamba. Nimetaja ili ujue mapema kwamba mimi sichoki.

Barua yenu ya kumkataa inasema rufaa inapokelewa ndani ya siku kumi na nne, kutoka kwa "mwombaji au mwakilishi wake." Mwombaji amesema habembelezi mtu. Mwakilishi ndiye mimi, nimejiteua.

Kwanza nikukumbushe unayemzungumzia, kwa sababu siku ile jopo lako lilikuwa na shida ya kumtambua. Binti yangu ana umri wa miaka thelathini na miwili, ana leseni, na ana saa elfu mbili mia tatu na kumi na nne za kurusha ndege, zote zimeandikwa kwenye kitabu chake kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Kampuni ndogo aliyoifanyia kazi ilifungwa mwaka jana, mwenye nayo alipozeeka akauza ndege zote mbili. Tangu hapo ameomba kazi kwa mashirika arobaini na moja, katika kila bara lenye uwanja wa ndege. Ramani ya dunia niliyoitundika dukani ili iuzwe, sasa haiuziki, imejaa matundu ya pini. Wengine walimkataa kwa adabu, wengine walikaa kimya. Waliomwita ana kwa ana ni ninyi peke yenu.

Na muda umekwisha. Rubani hupimwa upya kila mwaka, na anayempima ni shirika lililomwajiri. Kipimo cha binti yangu kinaisha mwisho wa mwezi huu. Asipopata kazi kabla ya hapo, tarehe mosi ataamka akiwa mwanamke mwenye saa elfu mbili mia tatu na kumi na nne na ruhusa ya kukaa kiti cha dirishani.

Sasa turudi kwenye siku ya usaili. Mvua ilikuwa inanyesha, kwa hiyo kaka yake alimleta na gari la kupelekea magodoro. Kaka mtu ni mwanangu wa kwanza. Anauza magodoro kwenye duka la samani, ndiyo maana mtaani wanamwita Magodoro, na tajiri wake anamlazimisha kuvaa suti kwa sababu anaamini mteja hawezi kumwamini mtu wa fulana katika jambo zito kama usingizi. Ni mrefu. Ana mabega. Ana sauti nzito ambayo ameirithi kwa marehemu baba yake na hajaitafutia matumizi. Binti alishika mwavuli, Magodoro akabeba faili. Kosa lilikuwa hilo tu: faili lilikuwa mkononi mwa mwanamume.

Mlinzi wa geti akampigia saluti: "Karibu, Kapteni." Dada wa mapokezi akamletea maji kwenye glasi, kisha akamgeukia binti yangu kwa upole: "Dada, usaili wa wahudumu wa ndege uko chini. Hapa ni marubani." Walipoingia kwenye chumba cha jopo, wazee watatu wakasimama kwa pamoja, na mwenyekiti akaushika mkono wa Magodoro kwa mikono yake miwili. "Kapteni! Saa elfu mbili na mia tatu, na bado kijana hivi!"

Mwanangu nimemlea vizuri. Hamkatizi mkubwa akizungumza. Wakamuuliza ana uzoefu wa miaka mingapi, akajibu, "Sita, mzee," na ni kweli, sita kwenye magodoro. Wakamuuliza kama amewahi kupata tatizo kubwa kazini. "Mara moja, mzee. Mteja alilala akakataa kuamka mpaka tukafunga duka." Jopo likacheka, likidhani ndivyo marubani wanavyotaniana. Halafu mjumbe mwenye miwani akauliza kwa uzito: "Uko juu, injini moja imezimika. Unafanya nini?"

"Namwita dada," akasema Magodoro.

Walicheka mpaka mmoja akafuta machozi. Hapo ndipo binti yangu alipovuta kiti, akaketi, akasema, "Dada ndiye mimi, wazee wangu. Na injini ikizimika ninafanya hivi." Akaeleza kwa dakika nne. Kwa maelezo ya Magodoro, ambaye hakuelewa hata neno moja, yalikuwa maelezo ya kumtoa mtu hofu. Lakini jopo halikucheka tena. Likaanza kupekua karatasi kama mtu anayetafuta risiti ya kurudishia bidhaa.

Alipopelekwa kwenye ile mashine yenu ya mazoezi, ile inayojifanya ndege, alikuwa wa kwanza kati ya waombaji kumi na mmoja. Hayo si maneno ya mama. Yameandikwa kwenye barua yenu, mstari wa tatu. Mstari wa nne unasema: "Hata hivyo, jopo linaona kwamba abiria wetu bado hawajawa tayari."

Kwa heshima zote, malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu abiria ambao hawajawa tayari.

Naomba kujua nani aliyewauliza. Nimepanda ndege zenu mara tatu. Niliulizwa kama nataka chai au maji ya matunda, kama mkanda nimefunga, kama ule mkoba ni wangu. Sikuulizwa hata siku moja kama niko tayari. Mliniletea rubani nisiyeuona uso wake, nikasikia sauti ikikwaruza kwenye spika kama mtu anayetafuna karatasi, nikakubali. Abiria ni mtu aliyejifunga kwa hiari yake ndani ya bomba la chuma na kumkabidhi mtu asiyemjua roho yake. Huyo, ukiniuliza mimi, yuko tayari kwa lolote.

Na rubani wangu ana uzoefu wa abiria wagumu. Kwa miaka mitano alibeba dawa, magazeti, mafundi wa minara ya simu, na kila Alhamisi alibeba vifaranga wa siku moja, elfu nne kwa safari. Wanalia tangu kupaa hadi kutua. Anasema dawa yao ni kuigeuza ndege polepole sana, kama unavyomgeuza mtoto aliyesinzia begani. Walifika wazima. Mheshimiwa, kama kuna kiumbe mwenye haki ya kuogopa kinachotoka angani ni kifaranga, na hakuna hata mmoja aliyeomba kushuka.

Sitaki hata kukukumbusha kwamba abiria wenu wote, pamoja na wajumbe wa jopo, safari yao ya kwanza walibebwa na mwanamke, miezi tisa, bila dirisha wala chai. Sitaki kukukumbusha, kwa hiyo hesabu kwamba sikusema.

2. Kuhusu maswali ya nyumbani.

Baada ya mambo ya injini, jopo liliingia kwenye mambo mazito zaidi. Binti yangu aliulizwa kama anatarajia kuolewa. Akaulizwa nani atamwangalia akiugua huko ugenini. Akaulizwa, mtoto wa kike peke yake hotelini katika miji ya baridi, hataona upweke? Akaulizwa mama yake atabaki na nani. Alijibu yote. Kuhusu kuugua alisema, "Nitameza dawa, mzee, kama wanavyomeza marubani wengine."

Silalamikii maswali. Nalalamika kwamba yaliulizwa kwa mtu mmoja. Wanaume kumi waliingia kwenye chumba kile na kutoka bila mtu kuwajali. Hakuna aliyetaka kujua kama wataoa, nani atawakanda miguu, mama zao watabaki na nani. Huu ni ubaguzi, nami nikiwa mama wa mtoto wa kiume nimeumia.

Nikafanya uchunguzi wangu. Yule mliyemchukua ni mteja wangu, hununua kwangu vitabu vya shule vya wanawe. Mtu mwema. Ana watoto watatu, na wa mwisho ana pumu. Nilimsimamisha kati ya rafu ya hesabu na rafu ya dini, nikamuuliza, "Baba, ukiwa juu ya mawingu, mtoto akibanwa kifua, nani atamshika?" Akakaa kwenye ngazi yangu ya kupandia rafu. Akasema, "Mama, usiniulize hivyo. Nitashindwa kwenda."

Unaona sasa hatari iliyopo. Mmemwajiri baba mwenye moyo bila kumkagua moyo. Ninashauri wanaume wote kumi waitwe upya, wakiongozana na marubani mlio nao tayari, wote wasailiwe kuhusu nyumbani kwao, na atakayelengwalengwa na machozi aondolewe. Najua mtabaki na ndege nyingi na marubani wachache. Lakini haki ni haki, na ndege zikiegeshwa hazianguki.

3. Kuhusu mwanamke ambaye tayari yumo.

Binti yangu ameniambia jambo ambalo sikulijua, na huenda hata wewe, kwa kazi nyingi ulizo nazo, hulijui. Katika ile mashine yenu ya mazoezi kuna sauti ya maonyo. Rubani akishuka vibaya, akikaribia mlima, akisahau kuteremsha magurudumu, sauti inatoka ukutani na kumwamrisha: inua, inua! Sauti hiyo ni ya mwanamke.

Kwa hiyo yumo. Amekaa humo miaka yote, ndani kabisa, karibu na masikio ya wanaume wawili. Hana kiti, hana sare, hana likizo, na ameruhusiwa kusema pale tu wanaume wanapokuwa wamekwisha kukosea. Nilimwambia binti yangu kwamba hapo naona mliiga nyumba za watu. Ninaomba kueleweshwa: kama abiria hawajawa tayari kurushwa na mwanamke, wanakubalije kuokolewa naye? Ama mmwondoe huyo wa ukutani mwache mlima useme wenyewe, ama mumpe mwenzake kiti.

4. Kuhusu kofia.

Hili nilitaka kuliacha, lakini limekaa kooni. Mezani pa jopo palikuwa na kofia ya rubani, ya mfano, yenye utepe wa dhahabu. Mjumbe wa tatu, ambaye hakuwa amesema kitu asubuhi yote, akamwomba binti yangu aijaribu. Nywele zake amezisuka. Kofia ikakaa juu ya misuko kama sufuria juu ya mafiga mawili, ikayumba, ikaanguka. Mjumbe akasema kwa huzuni, "Haikai," na mwenyekiti akaandika.

Magodoro aliiokota sakafuni, kwa kuwa nimemfundisha kuokota vya watu. Akaona isiwe tabu, akaijaribu. Ikakaa sawasawa. Nimeambiwa jopo zima lilimtazama, na wajumbe wawili wakatikisa vichwa, kama wazazi wanaoona pete imeingia kwenye kidole kisicho cha bibi harusi.

Kofia hiyo ndiyo iliyonifungua akili.

5. Kuhusu ombi lenyewe.

Mheshimiwa, nimeisoma barua yenu mara nyingi kuliko vitabu vingine ninavyovipenda, nami nimeelewa kwamba hamkutaka makuu. Mlitaka vitu viwili: mtu anayejua kurusha ndege, na mwanamume. Familia yangu inavyo vyote viwili. Bahati mbaya Mungu aliviweka kwenye watoto tofauti, na mimi wakati huo sikuwa nimesoma masharti yenu.

Kwa hiyo ninaomba, kwa unyenyekevu, muwaajiri wote wawili kwa nafasi ile moja. Magodoro atavaa kofia. Atasimama mlangoni abiria wakiingia, atawaonyesha mabega. Atapewa ile karatasi ya matangazo aisome kwa sauti ya baba yake: tuko futi elfu thelathini na mbili, hali ya hewa ni nzuri, tulieni. Watu watatulia. Mimi mwenyewe huwa ninatulia akinisomea bei za magodoro. Dada yake atapita mlango wa nyuma na sanduku la vyakula, ataingia chumba cha rubani, atarusha ndege. Ndege ikifika, Magodoro atasimama tena mlangoni kupokea pongezi. Mzee mmoja kati ya abiria hakosi kumwambia, "Umetua vizuri, kijana wangu," naye atajibu, "Asante, mzee." Hatakuwa amesema uongo, maana asante si uongo.

Lazima niseme kasoro moja, nisije nikaitwa mlaghai. Magodoro anaogopa kwenda juu. Akifika kipandio cha nne cha ngazi ya ghalani, anashika ukuta na kumtaja marehemu baba yake. Lakini nimeipitia barua yenu tena na sijaona mahali mlipotaka mwanamume asiyeogopa. Mmetaka mwanamume.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mimi nawapa mlango na nyumba kwa pamoja. Mnataka nini zaidi?

6. Kuhusu hofu kwamba jambo hili halijawahi kufanyika.

Limefanyika, tena ofisini kwako. Barua ya kumkataa binti yangu ina sahihi yako chini kulia, kubwa, yenye mkia. Chini kushoto ina herufi mbili ndogo za aliyeichapa. Siku ile ile jioni mwenye herufi hizo alinipigia simu. Alisema, "Mama, samahani. Mimi ndiye niliyeiandika. Yeye aliniambia tu, tafuta maneno mazuri." Nikamwambia maneno alikuwa ameyapata, hasa lile la "hata hivyo," na asilie. Akasema halii, ni mafua.

Sikumtaja ili umwadhibu. Ukimwadhibu nani atakuandikia barua ya kumwadhibu? Nimemtaja kwa sababu mpango ninaouomba ndio unaoendesha ghorofa ya nne nzima: mmoja anafanya, mwingine anaonekana. Ninaomba tu mfumo huu ushuke ghorofa nne, utoke nje, upande ndege.

7. Kuhusu njia ya mwisho, iwapo jopo bado litasita.

Basi tuwaulize abiria, mara moja na kwa wote. Wekeni madirisha mawili pale panapouzwa tiketi. Dirisha la kwanza liandikwe: ndege hii inarushwa na mwanamke, ana leseni, amekuwa wa kwanza kwenye mashine. Dirisha la pili liandikwe: ndege hii inarushwa na mwanamume, ni mrefu, kofia imemkaa, kazi yake ni kuuza magodoro. Ndege mbili, mji mmoja, saa moja. Wale wote ambao hawajawa tayari waelekezwe kwa heshima dirisha la pili, na jopo lako, kwa kuwa ndilo lililowasemea, litangulie mbele ya foleni.

Magodoro amekubali kukaa kwenye kiti cha rubani mpaka milango ifungwe. Baada ya hapo atalia. Lakini nina hakika hata milango haitafungwa, kwa sababu nimeishi na watu miaka hamsini na moja: mtu anapokuwa chini husema yale aliyosikia, na akishafunga mkanda huanza kuuliza nani anajua. Siku hiyo, Mheshimiwa, utaona foleni ikihama. Utaona wanaume wazima wakiruka kamba. Utamwona mjumbe mwenye miwani akimwomba dada wa tiketi, "Hata kama ni kusimama, niweke kwa huyo mama." Na hapo hamtahitaji tena kuandika neno "tayari" kwenye barua ya mtu.

Hayo ndiyo malalamiko yangu. Naomba yajibiwe kabla ya mwisho wa mwezi, kwa sababu mliyemwandikia kwamba bado, hana bado nyingine. Mtu akizuiwa kufanya kazi anayoijua, hukaa sebuleni kwangu asubuhi anasikiliza ndege zikipita, anazitaja kwa aina bila kuinua kichwa, na mimi naangalia kitabu nisichokisoma.

Nisalimie jopo lote, mmoja mmoja, hasa aliyefuta machozi. Msalimie mlinzi wa geti. Mwambie saluti ilikuwa nzuri, aigeuze tu upande. Msalimie dada wa mapokezi na glasi yake. Msalimie yule mwalimu wa mashine ya mazoezi, aliyemwambia binti yangu "Hongera sana" halafu akaangalia mlangoni kama kuna aliyesikia, mwambie tulisikia. Na mwenye herufi mbili ndogo, ambaye ndiye atakayekusomea barua hii, namtakia nafuu ya mafua.

Ni mimi, kwa heshima na bila kuchoka,

Mama wa Rubani, ambaye pia ni Mama wa Magodoro

Tanbihi: Utaniwia radhi, sehemu hii nimeiandika kwa penseli.

Kuna jambo sikulisema. Siku tisa zilizopita mtu wa vifurushi alileta dukani bahasha kubwa kutoka shirika la ndege la mbali sana, pini ya mwisho kabisa kwenye ramani. Walikuwa wamemhoji binti yangu kwa simu ya video miezi mingi nyuma, wakanyamaza, tukadhani wamemsahau. Hawakumsahau. Ndani mlikuwa na mkataba wa kutia sahihi na kurudisha ndani ya siku kumi. Kipimo watamfanyia wao. Mimi ndiye niliyeipokea, mimi ndiye niliyeifungua, na mimi ndiye niliyeificha ndani ya kamusi kubwa ambayo hakuna anayeinunua. Nilijiambia nasubiri kwanza jibu lenu, kwa kuwa ninyi mko karibu. Halafu nikaketi kuandika rufaa hii.

Leo asubuhi, nikiisoma mara ya mwisho kabla ya kuifunga, nilifika kwenye malalamiko ya pili. Nikakumbuka sababu nilizokuwa nikijipa kila nilipopita karibu na kamusi ile. Nani atamwangalia akiugua. Ile baridi. Ule upweke wa hotelini. Mimi nitabaki na nani. Mheshimiwa, yalikuwa maswali ya jopo lako neno kwa neno, na mimi sikuwa nimemuuliza hata moja. Ninyi angalau mlimpa nafasi ya kujibu.

Nimempa bahasha saa nne. Ameisoma amesimama. Ametazama muhuri wa tarehe, akanitazama mimi, muda mrefu. Amenitoa kalamu mkononi, ametia sahihi kurasa zote tatu juu ya kaunta, na ametoka nayo kwenda kutuma. Magodoro amemkimbilia na mwavuli.

Kwa hiyo rufaa naiondoa. Barua naituma hivyo hivyo, kwa kuwa yaliyosemwa humo kuhusu ninyi yote ni kweli. Na iwapo jopo lako litahitaji mjumbe wa nne, naomba nifikiriwe. Sifa ninazo.